Hodi ya Kakatua

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mwenye kiu aende akanywe maji, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mmeniuliza habari za yule ndege mweupe wa kwenye kalenda, mwenye kishungi cha manjano kilichosimama juu ya kichwa. Mnamwona kwenye kalenda, mnamwona kwenye simu, mnamwona ametariziwa kwenye vitambaa vya makochi, lakini msituni kwetu hayumo. Amekwenda wapi? Swali zuri. Na wapiga picha wanaomfuata huko aliko nao wana swali lao: mbona kishungi kile hukisimamisha kwa kitambo kidogo tu, kisha hukilaza na kuruka zake? Maswali hayo mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe linaanzia nyumbani kwa mwanamke mmoja aitwaye Mwanamvua.

Zamani, kabla ndege hawajagawana rangi, Kakatua aliishi huku huku kwetu, jirani na kijiji cha Chokaani. Hakuwa mweupe. Alikuwa na rangi zote, na hazikutulia mahali pamoja. Akigeuka kulia ni kijani, akigeuka kushoto ni zambarau, akicheka ni rangi ya embe bivu. Kishungi hakuwa nacho. Kichwa chake kilikuwa laini kama cha njiwa. Sauti alikuwa nayo, tena tamu, na alisema na watu kwa lugha yao, maana siku hizo ndege na watu walikuwa bado wanaelewana. Kilichompungukia ni adabu tu. Alikuwa mdadisi kupita kiasi. Hakuna dirisha ambalo hakulitia kichwa. "Mnapika nini? Huyo mtoto anamlilia nani? Mbona bwana leo amelala upande wa ukutani?" Watu walimfukuza kwa mwiko, naye kesho yake akarudi kuuliza kama hasira zimekwisha.

Sasa watu wa Chokaani walikuwa na mambo mawili wasiyoyafanyia mzaha. La kwanza lilikuwa hodi. Hata mume akirudi kutoka shambani alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Ulibisha, ukangoja. Ukabisha tena, ukangoja. Ukibisha mara ya tatu usiitikiwe, uligeuka ukaenda zako, na hukununa. Mtu aliyenuna kwa kutokuitikiwa alionekana mshamba kuliko aliyeingia bila hodi.

La pili lilikuwa kuta. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakapaka nyumba zao, na chokaa ikiwa bado mbichi, wachoraji wao walichora ndege juu yake. Rangi iliyoingia kwenye chokaa mbichi ilidumu mpaka nyumba yenyewe ianguke. Iliyopakwa kwenye chokaa kavu ilibanduka kabla msimu haujaisha. Kwa hiyo mchoraji wa Chokaani hakuwa na muda wa kukuna kichwa. Alikuwa na asubuhi moja, basi.

Mchoraji aliyewapita wote alikuwa Bi Sikudhani, mama yake Mwanamvua. Alikuwa amechora nyumba za nusu ya kijiji, mpaka siku alipoanguka kutoka jukwaani akichora ukuta mrefu wa nyumba ya harusi. Tangu hapo miguu haikumsikia tena. Akawa wa kitandani, na bintiye akarithi brashi na kazi. Mwanamvua alikuwa mchoraji mzuri, mwepesi wa mkono na mwepesi wa hasira, na alimpenda mama yake mapenzi ya mtu asiyejua kuyasema. Aliyaonyesha kwa kumgombeza kuhusu uji.

Kisha macho ya Bi Sikudhani yakaanza kuingia ukungu. Alianza kwa kulalamika kwamba taa haina mafuta, na taa ilikuwa imejaa. Siku moja, bintiye akimgeuza ubavu, alisema, "Mwanamvua."

"Bee, mama."

"Ndege wote nimewachora. Kakatua nilimweka kiporo. Nilisema huyu nitamchora nikishakomaa mkono. Ndipo nikaanguka."

"Si anapita hapo dirishani kila siku?"

"Anapita, ndiyo. Mimi naona mchuzi uliokorogwa. Ile ni kelele ya rangi, mwanangu, si ndege. Nataka nimwone yeye mwenyewe, nijue yukoje, kabla jicho halijafunga. Sitaki kingine. Hata huo uji wako sitaki."

Mwanamvua alitoka nje akajifanya anatafuta kuni, akalia huko, akarudi na kuni. Alikuwa ameshaamua. Atapaka chokaa ukuta wa kando ya kitanda, amchore Kakatua mkubwa kama mtoto wa mbuzi, karibu kabisa, mahali ambapo hata jicho lenye ukungu lingemfikia.

Alfajiri iliyofuata alipaka chokaa ukutani. Akasaga manjano, akaloweka nili, akachanganya masizi na udongo mwekundu, kila kimoja katika kifuu chake. Jua halijachomoza vizuri, Kakatua huyo, kichwa ndani ya dirisha, bila hodi kama kawaida yake.

"Mnafanya nini? Mbona ukuta unatoa jasho?"

"Nataka kukuchora," alisema Mwanamvua. "Kaa hapo utulie."

"Mimi? Unichore mimi?" Alifurahi huyo ndege hata akapitia rangi zote kwa pumzi moja. Akakaa kwenye kizingiti cha dirisha, akatoa kifua. Alitulia kwa muda wa mtu kupiga chafya.

Nani amewahi kumwona mdadisi akatulia? Mwanamvua alipochovya brashi kwenye kijani, ndege alikuwa zambarau. Alipochovya kwenye nili, ndege alikuwa begani kwake, anachungulia ukuta. "Hapo ni wapi? Ni mguu? Mbona mguu wangu uko peke yake? Mwenzake yuko wapi?" Alimrudisha dirishani, akarudi begani. Alimrudisha tena, akaingia kwenye kifuu cha masizi kutazama kina chake. Na wakati wote huo chokaa ilikuwa inakauka kutoka pembeni kuja katikati. Ilipofika adhuhuri ukuta ulikuwa na mguu mmoja na mdomo, na Mwanamvua akaukwangua wote.

Siku ya pili mambo yakawa hayo hayo, na siku zilizofuata hazikuwa na nafuu. Halafu asubuhi moja Bi Sikudhani akaiamkia kanga iliyoning'inia kwenye kamba. Aliiuliza habari za watoto. Alidhani ni jirani amekuja kumjulia hali. Mwanamvua alisimama mlangoni na bakuli la uji mkononi. Aliona kwamba akiendelea kumbembeleza ndege, ukuta utakamilika wakati hakuna wa kuutazama.

Ndipo alipofanya jambo ambalo mtu wa Chokaani hakutakiwa kulifanya. Alisokota uzi wa katani, akaufunga kitanzi, akakitega kwenye kizingiti, akamwaga mbegu za maboga. Kakatua alipokuja, alishangaa ni nani amesahau mbegu nzuri namna ile. Akakanyaga. Uzi ukakaza.

"Wewe huingia kwetu bila hodi kila siku," Mwanamvua alimwambia. "Leo nami nimeingia kwako."

Ilikuwa mara ya kwanza Kakatua kukosa swali. Rangi zake nazo zikasimama, zote kwa pamoja, zikawa kama maji yaliyofuliwa nguo nyingi. Mwanamvua alijikaza, akachora haraka haraka. Safari hii ukuta ulimkubali. Miguu miwili, mabawa mawili, mdomo, jicho, kila kitu mahali pake. Chokaa ilikuwa bado mbichi alipomaliza.

"Mama, tazama. Nimemleta."

Bi Sikudhani alijiburuta kwa viwiko mpaka ukingo wa kitanda, akasogeza uso hata pua ikakaribia kugusa ukuta. Alitazama muda mrefu. "Huyu ni nani?" akauliza.

"Kakatua, mama."

"Huyu ni ndege aliyefungwa. Tazama mabega ulivyomchora. Ndege aliyetulia kwa hiari yake hakazi mabega hivyo." Kisha akageuza kichwa kuelekea dirishani, ingawa hakuona kitu huko. "Mwanamvua. Umeingia kwa mtu bila hodi?"

Mwanamvua alishikwa na aibu ya kuchoma, na aibu ikamfanya awe na pupa. Aliruka dirishani kumfungua ndege, mikono imejaa manjano, bila hata kumwambia kwamba anakuja kumfungua. Kakatua aliona mikono ile inamjia akajua yamemfika. Alimng'ata. Mwanamvua, ili asing'atwe tena, akamshika manyoya ya utosini. Ndege akavuta kwenda nje, mwanamke akavuta kuja ndani, na manyoya yale, katikati ya ubishi huo, yakarefuka na kunywa manjano mpaka kwenye shina. Kakatua akapiga kelele. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote mpaka sauti yake tamu ikachanika kama kitambaa, na alichobaki nacho ni ule mkwaruzo mnaousikia kwenye video.

Uzi ukakatika. Kwa kuwa Mwanamvua alikuwa bado anavuta, ndege akapinduka kuja ndani, akamponyoka, akaanguka ndani ya karai la chokaa lililokuwa chini ya dirisha, akazama mzima. Alipotoka hakuwa na kijani, hakuwa na zambarau, hakuwa na rangi ya embe. Alikuwa mweupe pe, anapukutisha unga. Ni kishungi tu kilichobaki na njano yake, nacho alikuwa amekilaza nyuma kwa hofu, hakikuonekana. Akaruka dirishani, akapotea.

Mwanamvua alingoja agombezwe. Angefurahi kugombezwa. Mama yake alilala chali, akasema kwa utaratibu, "Paka chokaa upya. Sitaki kulala na mfungwa." Naye akaupaka, akaificha ile picha, huku machozi yakidondokea ndani ya karai.

Alasiri alikwenda msituni. Hakuchukua uzi, hakuchukua mbegu, hakuchukua brashi. Aliufuata unga mweupe uliodondoka juu ya majani mpaka ukamfikisha kwenye mti mkavu wenye pango ubavuni. Pango lenyewe lilikuwa usawa wa kifua chake. Angenyoosha mkono tu, angemgusa.

"Hodi," alisema.

Akangoja. Mle ndani kitu kilijikunyata. "Hodi," alisema tena. Jua likahama kutoka bega moja hadi jingine. Alimfikiria mama yake akiiuliza kanga habari za watoto. Mkono ukamwasha. Nawaambia kweli, mkono ulimwasha sana, maana kila alichokitaka duniani kilikuwa ndani ya shimo lile, na hapakuwa na mtu wa kumwona.

"Hodi," alisema mara ya tatu.

Hakuitikiwa. Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Haya," alisema. "Nilikukosea, na nimekuja kukuambia. Mama yangu alitaka kukuona kabla jicho lake halijafunga, mimi nikadhani hilo linanipa ruhusa. Nakwenda. Sina kinyongo." Akageuka, akaenda zake, na kweli hakununa. Alikuwa na huzuni tu, na huzuni watu wa Chokaani hawakuikataza.

Kakatua hakuwahi kumweleza mtu aliwaza nini usiku ule pangoni. Lakini mimi nawajua wadadisi, nimezaliwa nao na wengine wamekaa hapa mbele yangu. Mdadisi ukimpigia kelele huondoka zake. Ukitaka asilale, mwachie jambo asilolielewa. Huyu mwanamke alikuwa na mkono, na shimo lilikuwa wazi, na akaondoka. Kwa nini? Nani huyo mwenye jicho linalofunga? Jicho hufungaje?

Asubuhi Mwanamvua alikuwa anamkanda mama yake miguu aliposikia kucha kwenye kizingiti. Hakugeuka upesi, alikuwa ameshajifunza. Alitazama kwa pembe ya jicho. Kakatua alikuwa amesimama nje ya dirisha. Nje, jamani! Hata mdomo hakuutia ndani. Alifungua mdomo kusema hodi, ukatoka mkwaruzo. Akajaribu tena, mkwaruzo mbaya zaidi. Akafunga mdomo, akainamisha kichwa, na ilionekana wazi kwamba ameona haya. Ndipo yale manyoya ya utosini, yaliyovutwa na kunyweshwa manjano, yakaanza kunyanyuka polepole, unyoya mmoja ukimfuata mwingine, yakasimama yote na jua la asubuhi nyuma yake.

"Mwanamvua," alisema Bi Sikudhani, "nani huyo dirishani?"

Mwanamvua alimgeukia mama yake. "Unamwona, mama?"

"Nawezaje kutomwona? Ni mweupe kama ukuta mpya. Na kichwani..." Alijiinua kwa viwiko. "Kichwani ana njano. Inasimama. Mwanangu, huyu anabisha hodi, nasi tumemwacha mlangoni!" Kisha akapaza sauti, sauti ya mwenye nyumba: "Karibu! Karibu ndani, baba."

Rangi zile zote, jicho lake lisingeziona kamwe. Weupe mmoja na njano moja ndivyo vilivyoweza kupenya ukungu. Mwanamvua alilielewa jambo hilo akiwa bado ameshika mguu wa mama yake, akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Kakatua akalaza kishungi, akaingia, akapanda kitandani. Bi Sikudhani akamtazama mpaka akatosheka, naye akamtazama Bi Sikudhani jicho la kulia, kisha la kushoto, akichunguza linavyofunga. Waliyoambiana hayana maneno. Alipoondoka, mama alimwambia bintiye asichore sana. "Weupe uache, chokaa yenyewe ndiyo yeye. Tia njano tu." Mwanamvua akapaka ukuta chokaa mbichi, akachovya brashi kwenye manjano, akapiga mistari michache. Ukutani hapakuwa na kitu kingine, na kila aliyeingia chumbani mle alimwona Kakatua.

Akawa anakuja kila asubuhi. Husimama nje, hunyanyua kishungi, hungoja. "Karibu, baba," na kishungi hulala, na ndege huingia. Hata jicho la Bi Sikudhani lilipofunga kabisa, alizisikia kucha kwenye kizingiti, akaitikia vile vile.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Bi Sikudhani hakuamka. Wanawake walikuwa wanamwosha nyuma ya pazia, na Mwanamvua alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, chini ya ile njano. Kucha zikagusa kizingiti. Kakatua akanyanyua kishungi, akangoja, akakilaza. Akakinyanyua tena. Mwanamvua alimwona. Alitaka kuitikia, neno lilikuwa tayari mdomoni, kilio kikalikaba. Ndege akanyanyua kishungi mara ya tatu, akangoja kuliko alivyowahi kungoja. Kisha akakilaza, akageuka, akaenda zake, kama alivyofundishwa. Mwanamvua alipopata sauti alitoka mbio mpaka mwisho wa kijiji akiita, "Karibu! Karibu, baba!" Lakini Kakatua alikuwa ameshavuka msitu, na hakuwa na kinyongo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kugeuka nyuma.

Na tangu siku hiyo Kakatua hayupo kwetu. Alikwenda kutoka dirisha hadi dirisha, nchi hadi nchi, mpaka akafika visiwa vya mbali upande wa macheo, na huko ndiko anakoishi, mweupe, akipukutisha unga wa chokaa hadi leo. Wachoraji humfuata na karatasi zao. Wapiga picha hulala kifudifudi kwenye majani, wamejifunika matawi, kamera mkononi, wakingoja kishungi kile. Kikisimama hubonyeza haraka haraka, tarara, tarara, na wanaandika kwamba ameshtuka, au amekasirika, au anajionyesha.

Hajionyeshi. Anabisha hodi. Hukinyanyua kwa kitambo kidogo, husikiliza kama iko sauti ya kumwitikia, kisha hukilaza na kuondoka, maana kule aliko hakuna aliyewahi kuambiwa kisa cha Bi Sikudhani.

Nyinyi sasa mmeambiwa. Itazameni ile kalenda ukutani. Kishungi kimesimama tangu mwezi wa kwanza. Mwitikieni basi.